Tume ya Kuitafuta Nyumba Iliyopotea Ndani ya Neno

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeelekezwa niseme hivyo kabla ya jambo lolote, na nimesema. Haipo, haikuwahi kuwapo, na raia wake, ambao nao hawapo, wanakula wali maharage kila siku ya Mungu na kulalamika kwa sauti ya chini kama watu wa nchi zilizopo.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Wafaransa kwa miaka sabini na ushei. Wafaransa walipofungasha virago walibeba kila kitu, hadi vitasa vya milango, wakaacha lugha. Serikali mpya ilipofanya ukaguzi wa mali ya umma ikakuta majengo mabovu, reli isiyofika mahali, na Kifaransa. Kwa kuwa Kifaransa peke yake ndicho kilichokuwa bado kinafanya kazi, kikaandikwa kwenye daftari la mali za serikali, ukurasa wa kwanza, kikapewa namba. Tangu hapo watu walizungumza Kiswahili sokoni, na ofisini walinyamaza kwa Kifaransa.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwalimu mmoja, Madamu Asteria Lugendo, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja na mapenzi yasiyoelezeka kwa vihusishi. Vihusishi, kwa msomaji aliyetoroka shule, ni yale maneno madogo madogo yanayoyashika mkono maneno makubwa: kwa, katika, tangu, hadi, bila. Kuna watu wanapenda dhahabu, kuna wanaopenda waume za watu. Asteria alipenda vihusishi vya Kifaransa. Alivifundisha miaka thelathini na mmoja katika Sekondari ya Wasichana ya Mji Mkuu, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza swali hata moja juu ya vilikotoka.

Chakula cha mchana alikula kwa Siwema. Siwema alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, mama lishe mwenye sufuria nne, mabenchi matatu na mwavuli mmoja mkubwa, nyuma kabisa ya jengo la Wizara ya Utaratibu. Kwenye mti wa mwavuli alifunga ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: CHEZ SIWEMA. Asteria ndiye aliyemwandikia.

"Maana yake 'kwa Siwema'," alimwambia siku hiyo. "Watu wa Wizara wakiona Kifaransa watadhani chakula ni kisafi."

Walidhani kweli. Kwa sufuria zile nne watoto watatu wa marehemu walikula, wakavaa, wakasoma, na wa kwanza, Zainabu, alikuwa karibu kumaliza chuo cha uuguzi. Hakukuwa na kitu kingine. Mwavuli ule ndio uliokuwa shamba lao.

* * *

Basi siku moja Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alimwandalia chakula profesa mmoja mgeni, mtaalamu wa historia ya lugha, ambaye aliingia nchini kwa bahati mbaya kwa kupanda ndege isiyo yake. Kati ya supu na samaki mazungumzo yakakauka. Profesa, kwa adabu tu ya kujaza ukimya, akasema kwamba neno la Kifaransa chez, ambalo leo maana yake ni "kwa fulani", hapo kale halikuwa kihusishi hata kidogo. Lilikuwa jina la kitu. Lilikuwa nyumba. Watu wakalisema sana, kwa haraka, karne baada ya karne, hadi nyumba ikaisha ndani yake.

Mheshimiwa Mlezi akaweka uma chini.

"Nyumba nzima?"

"Nzima, Mheshimiwa."

"Ikaisha?"

"Polepole, lakini ndiyo, ikaisha."

"Na hakuna aliyeripoti."

Profesa alicheka, akidhani ni mzaha wa mezani. Kesho yake asubuhi alisafirishwa, safari hii kwa ndege yake.

Saa nne redio ya taifa ikasitisha muziki. Tangazo lilieleza kwamba Kifaransa ni mali ya umma. Kwamba ndani ya mali hiyo ya umma nyumba moja imepotea katika mazingira ya kutatanisha. Kwamba Serikali haitafumbia macho ubadhirifu wa namna yoyote, uwe wa jana au wa miaka elfu moja. Na kwamba imeundwa Tume. Mwenyekiti wake ni Jenerali mstaafu Ladislaus Mbonde, ambaye aliwahi kushinda vita ambayo upande wa pili haukuarifiwa. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, wakiwamo mpima ardhi, ofisa wa zimamoto na daktari wa mifugo. Kwa nini daktari wa mifugo, hakuna aliyejua, na mwenyewe hakuuliza, maana kulikuwa na chai. Katibu akawa Bwana Hamduni Pazi wa Wizara ya Utaratibu, mtunzaji wa Fomu Namba Saba.

Hapa lazima nisimame niieleze Fomu Namba Saba, la sivyo msomaji atadhani watu hawa ni wajinga. Si wajinga. Ni watu wa utaratibu.

Katika nchi ile hasara yoyote, upungufu wowote, balaa lolote hufungwa kwa Fomu Namba Saba. Fomu ina vipengele tisa. Vinane vya mwanzo, yaani nini kimetokea, lini, wapi na kwa sababu gani, unaweza kuviacha wazi, na wengi huviacha ili kuokoa wino. Kipengele cha tisa hakiachwi wazi. Kinasema: Jina la Mhusika, Aliye Hai, Mwenye Makazi Yanayojulikana. Mwaka mvua zilipokosa kunyesha kilijazwa jina la mlinzi wa kituo cha hali ya hewa. Mwaka jua lilipopatwa mchana kweupe, akajazwa fundi umeme mmoja wa Kata ya Nne. Alikaa ndani miezi miwili, na ilipothibitika kwamba jua limetulia wakamwachia kwa onyo. Wananchi walishaizoea. Kitu kikipotea hawakuuliza kimepoteaje. Waliuliza ni nani safari hii, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake.

* * *

Barua ya kumwita Madamu Asteria awe mtaalamu wa Tume ilikuwa na mihuri mitatu. Aliisoma mara nne, akaenda nayo mwavulini akiwa karibu kukimbia.

"Wifi, wameniita. Wanataka niwaeleze vihusishi. Mbele ya Jenerali."

Siwema alikuwa anageuza samaki. "Vaa viatu vya kufunika vidole," alisema. "Watu wa serikali huanza kukukagua chini."

Asteria hakulala vizuri kwa furaha. Miaka thelathini na mmoja, jamani, na sasa watu kumi na wanne wazima wanataka kujua. Ukimpa kiu mtu muda mrefu hivyo, usimlaumu akinywa bila kutazama ndani ya kikombe.

Ukumbi wa Wizara ulikuwa kwenye ukarabati, mwaka wa tisa huo. Kwa hiyo Tume ikaketi penye kivuli kilichokuwa karibu, na kivuli kilichokuwa karibu kilikuwa cha Siwema. Walikalia mabenchi mawili kati ya matatu, wakaagiza chai, na Jenerali akafungua kikao kwa hotuba ya saa moja na nusu, ambamo alitaja neno "uzalendo" mara arobaini na "nyumba" mara moja, tena kwa bahati.

"Sasa mtaalamu atueleze," alimaliza. "Nani aliitoa nyumba ndani ya neno?"

"Hakuna aliyeitoa, Jenerali. Ni matumizi."

"Andika: Matumizi," Jenerali alimwambia katibu. "Anakaa wapi?"

Asteria alitabasamu, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaanza. Na alieleza vizuri, lazima niseme kweli. Alieleza jinsi neno zito linavyotumwa kazi ndogo ndogo kila siku mpaka linapungua uzito, kama mtu mkubwa anayeitwaitwa "hebu nishikie hiki". Akatoa mifano. Sauf, alisema, zamani ilikuwa "salama": ukisema wote walizama sauf mmoja, ulikuwa unasema huyo mmoja yu salama. Leo hakuna anayewaza usalama wa mtu, limebaki "isipokuwa". Pendant ilikuwa kitu kinachoning'inia: kesi ikining'inia mahakamani, basi mambo mengine yanatokea wakati huohuo, na leo limebaki "wakati wa". Malgré ilikuwa nia mbaya, kinyongo cha mtu, na leo ni "licha ya" tu.

Wajumbe waliandika kwa bidii. Ofisa wa zimamoto alisoma orodha kwa sauti: "Mpaka sasa imepotea nyumba moja, usalama, kinyongo kimoja na kitu kinachoning'inia ambacho thamani yake haijajulikana."

"Kinyongo kisitafutwe," alisema Jenerali. "Tunacho cha kutosha."

"Na neno linachakaa kwa nani zaidi?" aliuliza Hamduni Pazi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba chumvi. "Nauliza kwa ajili ya kipengele cha tisa."

Asteria, kwa uaminifu wake wote, akajibu: "Linachakaa pale linapokanyagwa zaidi, kama kizingiti cha mlango. Si kwa wasomi. Ni kwa watu wanaosema sana, wanaosema haraka, wenye kazi mikononi na watu wanaowangoja. Hao ndio wanaolikata neno ili mambo yaende."

Hapohapo, nyuma yake, Siwema akaita jikoni bila kuvuta pumzi: "Mbili maharage, moja bila, Jenerali ongeza, daktari samaki kichwa!"

Wajumbe kumi na wawili waligeuza shingo zao polepole. Kisha mpima ardhi, ambaye kwa kazi yake alizoea kutazama juu na chini, akainua macho kwenye mti wa mwavuli.

"Jenerali," alisema. "Chez ipo hapa."

"Na nyumba?"

Wote wakatazama kulia, wakatazama kushoto. Palikuwa na mabenchi. Palikuwa na mwavuli. Palikuwa na kuku wa jirani. Nyumba haikuwapo.

Mdomo uliponza kichwa, tena kichwa cha mwingine. Asteria alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani vihusishi vyote vilimkimbia.

Mpima ardhi alitoa futi yake akapima eneo ambalo nyumba haipo: mita nne kwa tatu. Daktari wa mifugo alithibitisha kwamba kuku hana hatia. Hamduni Pazi akafungua Fomu Namba Saba na kuandika jina kwenye kipengele cha tisa, kwa penseli.

"Kwa penseli tu," alimwambia Siwema kwa huruma, akipokea sahani yake. "Utaratibu unataka vikao vya miezi saba ndipo tupitishe wino. Naomba na pilipili."

Adhabu ya kupoteza nyumba ya umma ilikuwa inajulikana na kila mtu. Ni miaka mitano, na eneo la tukio kubomolewa.

* * *

Tume ikaketi. Ikaketi mwezi wa kwanza, ikaketi wa pili. Wajumbe walifika saa tatu asubuhi na kuondoka wameshiba. Wateja wa kawaida, waliobakiziwa benchi moja, walikula wamesimama, na mzaha ukaanza. Mtu akichelewa kuletewa chakula anasema, "Mama, nimesimama hapa tangu Tume ianze." Siwema naye, mhudumu akizembea na sahani, alimpigia kelele kwamba amemwita tangu Tume ianze. Tume haikuudhika. Ilidhani inapigiwa mfano.

Siku ya Jumapili Asteria alimfuata Siwema nyumbani, akamkuta anachambua mchele.

"Wifi, mimi nimekuuza."

"Umeniuza kwa nani?" Siwema hakuinua macho. "Watu hawa walikuwa wanakula kwangu miaka kumi na mmoja. Walikuwa wananijua jina. Ingekuwa si hili ingekuwa upepo umevuma vibaya."

"Lakini mimi ndiye niliyesema."

"Wewe ulisema kweli. Kosa lako ni kwamba ulikuwa umefurahi ukasahau nchi uliyomo." Kisha mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Naogopa, Asteria. Sikufichi. Nikiingia ndani, Zainabu anaacha chuo, wadogo zake wanahamia kwa shangazi yao, na shangazi yao ni wewe, na wewe huwezi hata kukaanga yai."

Hilo lilikuwa kweli pia.

Basi Asteria akaanza kupigana, kwa silaha aliyokuwa nayo. Kikao cha mwezi wa tatu alisimama akaieleza Tume kwamba, kwa usahihi wa kitaaluma, neno lile tangu Kilatini halikuwa nyumba kamili. Lilikuwa kibanda. Kibanda cha maskini, cha miti na nyasi. Hivyo hasara ni ndogo mno.

Ofisa wa zimamoto aliinua mkono. "Kibanda kilikuwa na kibali?"

Kikao kikaongeza kosa la pili.

Mwezi wa nne alieleza kwamba wahusika wa kweli ni wakulima wa Kifaransa, waliokufa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Hamduni alipekua fomu, akasikitika kwa dhati. Aliye hai, ndivyo kinavyosema. Na hata wakipuuza hilo, makazi yanayojulikana ni yapi? Kaburi lina namba ya nyumba?

Mwezi wa tano alisimama kwa mara ya mwisho. "Andikeni jina langu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwandikia ubao ule. Futeni lake, wekeni langu."

Jenerali alimtazama kwa heshima, kama askari anavyomtazama askari. Hamduni Pazi akatikisa kichwa.

"Haiwezekani, Madamu. Kanuni ya kumi na nne. Mtaalamu wa Tume hawezi kuwa mhusika. Zamani ilikuwa inaruhusiwa, wataalamu wakaisha."

Jioni ile, mabenchi yalipobaki matupu, Hamduni alirudi. Alisema amesahau kofia, ingawa kofia ilikuwa kichwani. Aliketi mbele ya Asteria na kuzungumza huku akitazama pembeni.

"Maharage ya huyu mama nimeyala miaka kumi na mmoja," alisema. "Mke wangu hajui kupika, Mungu amlinde. Sikiliza. Ipo Fomu Namba Tatu. Haijatumika tangu uhuru. Inaitwa Taarifa ya Kutotokea kwa Tukio. Mtaalamu akiapa kwamba hakuna kilichopotea, basi hakuna hasara. Hasara isipokuwapo, Namba Saba inachanwa."

"Niape kwamba chez haikuwahi kuwa nyumba?"

"Hiyo peke yake haitoshi, utaulizwa pia juu ya hizo nyingine. Uape kwamba hakuna neno lililowahi kubadilika. Lolote, popote." Alisimama. "Na Mheshimiwa Mlezi ataipenda sana. Yeye hapendi vitu vinavyobadilika."

* * *

Nimesema mwanzoni kwamba Asteria alipenda vihusishi, na huenda msomaji alicheka. Sasa asicheke. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akaweka daftari zake mezani, zile alizoziandika tangu ujana, ambamo kila neno dogo lilikuwa na safari yake: lilikotoka, lilipopumzika, lilipovua mzigo. Kwake hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote alizowahi kuzisikia, kwamba watu wasio na cheo wala kalamu, kwa kusema tu wakiwa na haraka ya kula, wanaigeuza lugha ambayo wafalme hawakuweza kuigusa. Kuapa kinyume chake ilikuwa sawa na kumwambia mkulima aape kwamba mbegu haioti. Alilia kidogo. Halafu akachukua kalamu akafanya mazoezi ya sahihi.

Hafla ya kiapo ilifanyika uwanjani, kukiwa na bendi. Madamu Asteria aliinua mkono wa kulia mbele ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa na kusema, kwa sauti iliyofika hadi viti vya jua: "Naapa kwamba hakuna neno lililowahi kubadilika, na hakuna litakalobadilika."

Watu walipiga makofi. Siwema, aliyekuwa nyuma kabisa na mabinti zake, hakupiga; alifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa tatu. "Adui zetu," alisema, "walieneza uvumi kwamba maneno yanatembea usiku. Leo ukweli umejulikana. Maneno ya nchi hii yamesimama palepale yalipowekwa. Yamesimama imara kama reli yetu, ambayo nayo haijasogea hata hatua moja tangu niingie madarakani." Makofi tena. "Hata hivyo, tusibweteke. Namteua Madamu Lugendo kuwa Mlinzi Mkuu wa Vihusishi. Atakaa macho. Neno lolote likianza kusogea, amtaje mtu wa kwanza ambaye lilisogea mdomoni mwake, tumpate mapema."

Akavalishwa kofia na kutundikwa filimbi shingoni. Jenerali Mbonde alipewa nishani. Daktari wa mifugo alirudishwa kwa ng'ombe, ambao walikuwa wamemngoja.

Jumatatu aliingia darasani na filimbi yake. Alipogeuka kutoka ubaoni msichana mmoja wa kidato cha pili, Lucresia, mkimya wa siku zote, alikuwa ameinua mkono.

"Madamu, chez lilitoka wapi? Linaonekana kama zamani lilikuwa neno jingine."

Swali lenyewe ndilo hilo, lililochelewa miaka thelathini na mmoja. Asteria alilisikia kifuani. Aliutazama mlango, ambao siku hizo ulikaa wazi kwa maelekezo.

"Halikutoka popote," alisema. "Limekuwa hivyohivyo siku zote."

Lucresia akaandika, akapigia mstari.

* * *

Tume ilichukua miezi miwili mingine kufunga shughuli zake, maana wajumbe walikuwa wamezoea samaki. Hatimaye mabenchi yalirudi kwa wenyewe. Mwavuli ulikuwa palepale, na ubao palepale. Zainabu alimaliza uuguzi. Asteria aliendelea kuja kila mchana, akikaa peke yake mwisho wa benchi, mnyonge kidogo, akila bila kusikiliza. Siwema alimwongezea nyama bila kumwambia. Hakujua namna nyingine ya kushukuru.

Ilikuwa Alhamisi, mchana, watu wamejaa. Asteria alikuwa amepeleka kijiko nusu ya njia aliposikia Siwema akimfokea mhudumu wake:

"We Pili, sahani hizi nimekuomba tume saa tano!"

Kijiko kikasimama.

Mzee mmoja wa masijala, kwenye benchi la pili, akadakia: "Na mimi sijaonja kitu tume jana, mama. Nihurumie."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka. Walisema kama mtu anavyosema "tangu" au "hadi", bila kulitazama neno.

Asteria aliweka kijiko chini, na akili yake, iliyokuwa imelala miezi, ikafungua madaftari yote kwa mpigo. Mwezi wa kwanza ilikuwa "tangu Tume ianze", mzaha mrefu. Karibu na mwezi wa nne, sasa alikumbuka, walishachoka wakawa wanasema "tangu Tume" peke yake. Na leo "tangu" imedondoka, na Jenerali amedondoka, na wajumbe kumi na wawili, na mpima ardhi na futi yake, na vikao, na penseli, vyote vimekwisha ndani ya neno. Imebaki sauti ndogo yenye maana ya "tangu", na uchovu kidogo ndani yake wa mtu aliyengojeshwa bila sababu. Kilichowachukua Wafaransa karne kadhaa, njaa ya mchana ilikifanya kwa mwaka mmoja.

Tena si hilo tu. Katika taaluma nzima ya vihusishi, toka Kilatini, hakuna msomi aliyewahi kumjua mtu wa kwanza. Hujulikana karne, hujulikana jimbo, basi. Yeye alikuwa anajua mahali, anajua mwezi, anajua jina la mhusika, aliye hai, mwenye makazi yanayojulikana, na kwamba sasa hivi anakwangua ukoko. Kipengele cha tisa kingeweza kujazwa kwa haki, kwa wino, kwa mara ya kwanza tangu kichapishwe.

Furaha ilimpanda Asteria kutoka miguuni hadi akaona haya. Akashika benchi asije akaruka.

"Mbona huli, Madamu?"

Alikuwa Hamduni Pazi, ameketi mbele yake na sahani yake, na pembeni ya sahani karatasi. Kila Alhamisi alitakiwa kuchukua taarifa ya Mlinzi Mkuu wa Vihusishi, neno kwa neno, na kuipeleka Wizarani.

"Nakula," alisema Asteria.

"Basi tumalize kazi. Kuna neno lolote lililosogea?"

Asteria alimtazama wifi yake, aliyekuwa anapakua wali kwa mkono mmoja na kumfukuza kuku kwa mwingine. Akamtazama Hamduni. Akaishika filimbi, akaitumbukiza ndani ya blauzi ili isiingie kwenye mchuzi.

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata moja, tume niapishwe."

Hamduni Pazi akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, akalisoma tena kuhakikisha halina kosa, akagonga muhuri wa Serikali, kisha akaomba aongezewe maharage.